Kigoda cha Sikudhani

Kijumba cha kupanda mlima kwa waya kilikuwa kimeshaachia mnara wa bondeni, na mimi nimeshaning'inia juu ya mashamba ya alizeti, ndipo mama mmoja wa sare aliponiona nimekaa juu ya kigoda katikati ya njia.

"Mzee, ondoa hicho. Humu watu wanakaa kwenye viti vyenye mikanda."

"Mama yangu, kwa umri huu hata nikianguka sitafika mbali."

"Utafika chini."

Jibu la haki. Nikahamia kwenye kiti chenye mkanda, nikakiviringisha kigoda ndani ya blanketi, nikakipakata kama mtoto mwenye homa. Kijumba kikaendelea kupanda kuelekea Mwangaro, mji niliozaliwa, ambao sikuwa nimeuona kwa miaka hamsini na moja.

Mali yangu yote ilikuwa blanketi hilo, sufuria isiyo na mkono, na kigoda. Kigoda chenyewe kina miguu mitatu, mti wake mwepesi kama mkate, na ukingoni kimechongwa ndege mwenye mkia uliopinda kwa sababu patasi ya baba iliteleza. Nimekikalia bandarini, nimekikalia migodini, nimekikalia kwenye foleni za viza katika nchi ambazo siku hizi hazipo. Hata kule kwenye stesheni ya angani, ambako nilipika miaka miwili na ambako hakuna mtu anayekaa maana kila kitu kinaelea, nilijifunga nacho matakoni kwa mkanda ili tu nijione nimekaa.

Lakini si changu. Ni cha mdogo wangu, Sikudhani.

Kwetu Mwangaro mtoto akianza kutambaa baba yake humchongea kigoda. Ni hicho kimoja mpaka kufa. Ukisafiri, unasafiri nacho. Kuazimana kigoda ni jambo ambalo halifanyiki, kama vile watu wasivyoazimana meno. Changu mimi baba alikichonga kwa mti mgumu, sijui alitegemea nizae tembo. Siku niliyoondoka nyumbani, nikiwa na miaka kumi na tisa, nimegombana na baba kuhusu jambo ambalo sasa hata silikumbuki, nilikuwa ninakiburura mlangoni jasho linanitoka, na Sikudhani, miaka kumi na minne, amesimama ananicheka mpaka machozi.

"Chukua changu, mvivu wewe," akaniambia. "Mimi nitakalia hicho chako nijione malkia. Ila wiki moja tu, Songoro. Urudishe."

Nikamwambia, wiki moja.

Siku tisa baadaye wakaja watu wa bondeni na orodha, na yakatokea yale ambayo dunia nzima inayaita Wiki Tatu. Mimi nilikuwa pwani ninaosha masufuria. Kurudi wakati ule ilikuwa kufa, na baada ya wakati ule kila mwaka nilikuwa na sababu ya kutorudi, na zote zilikuwa nzuri.

Kilichonipa moyo ni orodha. Majina ya waliouawa yalitangazwa, elfu nne mia tatu na kumi na mawili, nami niliyasoma kwa kidole kutoka la kwanza hadi la mwisho, kazi ya siku nne maana shule nimeisoma vipande vipande, darasa la pili huku na la tano kule. Baba yumo. Mama yumo. Sikudhani hayumo. Niliyemkuta ni mimi. Namba 2,907, Songoro Kitwana, miaka kumi na tisa. Sikushtuka sana. Makarani nawajua. Niliwahi kuandikwa mwanamke kwa miaka sita, nikachomwa chanjo zote za wajawazito.

La maana ni kwamba Sikudhani alikuwa hai, huenda bibi kizee mwenye hasira, na mimi nilikuwa ninarudisha kigoda chake.

*

Kule juu lango linasoma nyuso.

"Karibu Mwangaro," likasema kwa sauti ya mwalimu wa chekechea. "Uso wako unafanana na wa marehemu Songoro Kitwana kwa asilimia sitini na moja. Wewe ni ndugu wa marehemu?"

Nikafikiri. "Wa karibu sana."

"Pole kwa msiba."

"Ahsante. Nimeshauzoea."

"Ndugu wa marehemu hupelekwa kwanza Nyumba ya Vigoda. Fuata mstari wa kijani."

Nikaufuata. Kama kuna mahali watu wangenieleza alipo Sikudhani, nilijua ni hapo.

Nyumba ya Vigoda zamani ilikuwa ghala la pareto, na mpaka leo ukivuta pumzi kwa nguvu unapiga chafya. Mlangoni alikuwapo mwanamke wa miaka arobaini hivi, kilemba cha buluu, funguo kiunoni, anawagombeza wageni wa Kichina kuhusu viatu vyao kwa Kichina safi.

"Shikamoo mzee. Viatu hapa, mizigo pale."

"Marahaba. Viatu sawa. Huu mzigo ni wa mtu, nimeahidi nitamkabidhi mkononi."

Akaliangalia blanketi, akaniangalia mimi, akaona hatuna hatari wote wawili. "Basi ushike vizuri. Lango limeniambia wewe ni ndugu. Wa nani?"

"Wa Songoro Kitwana."

Uso wake ukafunguka kama dirisha. "Songoro! Songoro ni baba yangu mkubwa! Mimi ni Mwanamvua, binti Hemedi!"

Hemedi. Kitinda mimba wetu. Nilimwacha ana miaka minane, makamasi yanamfika kidevuni, anataka nimletee pikipiki. "Hemedi yuko wapi?" nikauliza.

"Baba alitutoka mwaka juzi." Akanishika mkono. "Na wewe ni wa upande gani, mzee wangu?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nikafungua mdomo, ukatoka upuuzi: "Upande wa kushoto."

Akacheka, akadhani ni utani wa wazee. "Njoo basi, nikupeleke kwa baba mkubwa. Leo yuko mzungumzaji kweli."

Ukumbini vigoda vilikuwa vimepangwa sakafuni safu kwa safu, kila kimoja na namba yake, na ukimya wake ulikuwa wa watu wengi walioamua kunyamaza pamoja. Niliona cha mama. Nilikijua kwa alama ya moto pembeni, aliponiunguzia mahindi.

Katikati ya safu alikuwa akitembea bwana mmoja mwembamba, koti la kijivu, mkononi ana kile kidude cha kuhesabia watu milangoni. Anapita kigoda, anabonyeza, ka! Anapita kingine, ka!

"Huyo ni Bwana Feruzi," akanong'ona Mwanamvua. "Ni Mpunguzaji. Anakuja kila Jumanne kuhesabu, akitumaini siku moja vitapungua."

"Shikamoo Bi Mwanamvua," akasema Feruzi bila kusimama. "Elfu moja mia nane na sitini. Usiniharibie."

"Marahaba. Chai ipo ukimaliza."

Nikashangaa. "Unampa chai?"

"Miaka kumi na moja anakuja. Hakuna mgeni mwaminifu kama huyo."

Wapunguzaji nilikuwa nimewasikia katika kutembea kwangu. Enzi hizi mtu yeyote mwenye mashine ya jikoni anaweza kukutengenezea sauti ya bibi yako akimtukana rais, kwa hiyo dunia ilikubaliana kwamba ni nyumba yenye muhuri wa Ithibati pekee inayoweza kusema "haya yalitokea". Likikutwa humo jina moja la uongo, muhuri unavuliwa mpaka kila jina lihakikiwe upya, na kwa muda huo nyumba inahamishiwa fungu la Burudani, pamoja na sarakasi na mieleka. Mpunguzaji kazi yake ni kulitafuta hilo jina moja.

"Na hivi vigoda vinaongeaje?" nikauliza.

"Mti una kumbukumbu," akasema Mwanamvua, kwa sauti ya mtu aliyeyasema hayo mara elfu na bado yanampendeza. "Ukikalia kigoda miaka kumi, uzito wako unaubana mti kwa namna yako peke yako. Ukielemea upande, ukitikisa mguu, ukinyanyuka kwa hasira, yote yamo. Msomaji, ile mashine pale juu, anausoma mti tabaka kwa tabaka, anapata urefu wako, mwendo wako, hata tabia. Halafu tunaongeza kumbukumbu za ndugu, angalau mmoja aliyekuwapo. Hapo tunapata shahidi."

"Kwa maana nyingine, mashine inasoma matako."

"Tunasema makalio, mzee. Kuna wageni."

Akagusa ukingo wa kigoda namba 2,907, lile gogo zito alilonichongea baba, na juu yake pakasimama kijana wa mwanga.

Loh! Kijana mzuri. Mabega mapana, meno yote, masikio yamelala kichwani kwa adabu. Mimi masikio yangu watu walikuwa wakiyatundikia kofia zao.

"Naitwa Songoro Kitwana," akasema kijana, na sauti ikanisisimua nywele maana ilikuwa ya baba. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Walipoingia mtaani kwetu tulikuwa wawili tumebaki nyumbani. Nilimchukua mdogo wangu Hemedi, nikamtia kwenye shimo la viazi, nikamfunika kwa majani. Nikamwambia, ukisikia mbinja yangu inaenda mbali, usitoke. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikakimbia kuteremka korongo huku ninapiga mbinja, ili wanifuate mimi. Wakanifuata."

Mwanamvua alikuwa akiyatamka maneno pamoja naye, midomo tu. Yalikuwa ndiyo yaliyompa baba yake uhai, na baada ya hapo yeye.

Nami nilikuwa nimesimama pale nimekumbatia blanketi, na jambo moja linanikwaruza kichwani. Mimi sijui kupiga mbinja. Sijawahi. Nikijaribu natoa mate. Nyumbani kwetu mpiga mbinja alikuwa mmoja, mwenye pengo katikati ya meno ya mbele, na mama alikuwa akimgombeza kwamba msichana hapigi mbinja, utaita nyoka.

"Mwanangu," nikasema polepole, "na Sikudhani? Yuko wapi siku hizi?"

Mwanamvua akanigeukia haraka. "Wewe unamjua shangazi Sikudhani? Umekutana naye? Mzee, nilitaka nikuulize, kila msafiri namuuliza!"

"Mimi ndiye ninayekuuliza wewe."

"Alisafiri," akasema. "Alinusurika. Unajua jinsi walivyohesabu? Miili haikuwapo, korongo lilichomwa moto wiki nzima. Wahesabuji wakaingia jiko hadi jiko. Kigoda kipo na mwenyewe hayupo, huyo amekufa. Kigoda hakipo na mwenyewe hayupo, huyo amesafiri. Cha shangazi hakikuwapo. Alisafiri nacho. Chumba chake kipo, mzee. Baba alikijenga. Nakifagia kila Ijumaa."

Kuna habari zinazoingia kwa masikio na kuna zinazoingia kwa magoti. Hii iliingia kwa magoti. Nikakaa. Sikuchagua mahali. Nikakaa kwenye kilichokuwa karibu.

*

Kengele ya Nyumba ya Vigoda ina sauti ya mbuzi aliyekanyagwa. Juu ya kichwa changu ikawaka taa ya kijani ambayo, niliambiwa baadaye, ilifungwa pale miaka ishirini iliyopita na haijawahi kuwaka.

"Namba 2,907," ikasema mashine juu darini. "Mwenye kigoda amekaa."

"Mzee," akasema yule kijana wa mwanga, "umenikalia."

Kweli. Kichwa changu kilikuwa kimetokeza kifuani mwake kama kitufe. Wachina wakapiga picha.

Nikasikia mbio za viatu laini, na Bwana Feruzi akasimama mbele yangu, koti limempanda mabegani, kidude mkononi.

"Rudia," akaiambia mashine.

"Mwenye kigoda amekaa. Anaelemea kulia. Anatikisa mguu wa kushoto. Uhakika asilimia tisini na saba."

Nikauangalia mguu wangu wa kushoto. Ulikuwa unatikisika.

"Miaka kumi na moja," akasema Feruzi. Alikuwa na machozi, wallahi. "Kila Jumanne. Mke wangu aliniambia nitafute hata bustani. Mzee, jina lako nani?"

"Usijibu!" akasema Mwanamvua. Akapiga magoti mbele yangu, uso kwa uso, akanishika mikono. Alikuwa ananisoma kama yule Msomaji, na nikaona anafika mwisho wa ukurasa. "Wewe," akanong'ona. "Masikio. Baba alisema masikio, mafundi wakasema shahidi mwenye masikio hayo watu watacheka."

"Ni mimi, mwanangu."

Nilitegemea kofi au kumbatio. Nikapata vyote, kwa mpangilio huo. Halafu akaninong'oneza, haraka haraka: "Baba mkubwa, nisikilize. Ukisema jina lako, anabonyeza, Tume ya Ithibati inapokea, muhuri unavuliwa leo hii. Wote hawa, mama yako, baba yako, wote wanakuwa burudani. Kuna watu wanasubiri hilo tu, si kama huyu mwenye chai, wabaya kweli. Sema umetokea kufanana makalio. Asilimia tatu zimebaki. Watu hufanana!"

"Bi Mwanamvua, nakusikia," akasema Feruzi.

"Usisikie!"

"Na wewe, bwana," nikamwambia Feruzi, "nikiwa hai unapata nini?"

Akakaza macho kwenye kidude chake. "Babu yangu alikuwa na mwandiko mzuri," akasema. "Ndiyo maana walimpa yeye kuandika orodha. Zile orodha walizokuja nazo. Kila ninayempata hai, babu yangu ameua mmoja pungufu. Mpaka leo sijampata hata mmoja." Akainua macho. "Nakuomba, mzee wangu. Mmoja tu."

Sijawahi kuombwa na mtu kwa unyenyekevu namna ile niwe hai.

Nikabaki nimekaa ndani ya kifua cha kijana mzuri. Kunyamaza kulikuwa rahisi, na mimi kwa kunyamaza na kuondoka nimesomea hadi chuo kikuu. Kijumba cha waya kinashuka saa kumi. Ningesema nimefanana makalio, ningekunywa chai, ningeondoka. Muhuri ungebaki. Mwanamvua angeendelea kufagia kila Ijumaa, na chumbani mle angeendelea kuishi bibi kizee mwenye hasira ambaye yuko njiani. Hata mimi ningeendelea kuwa shujaa, jambo ambalo nikiwa hai sikulipata.

Na Sikudhani angebaki amesafiri.

"Kijana," nikamwambia yule wa mwanga. "Ile mbinja. Hebu ipige."

"Siwezi, mzee," akasema. "Wameniuliza mara nyingi. Nasimulia tu. Nikijaribu haitoki. Mafundi wanasema ni hitilafu."

"Si hitilafu. Wewe na mimi hatujui."

Nikafungua blanketi.

Mwanamvua alipokiona kigoda alitoa sauti ya furaha kwanza, hilo ndilo sitalisahau. Alimwona ndege mwenye mkia uliopinda, alama aliyosimuliwa tangu utotoni, akapiga kelele, "Umemwona! Umekutana naye! Yuko wapi?" Halafu akaniangalia nilivyokishika, kwa mikono miwili, kama mtu aliyezoea, na akaona jinsi kilivyochakaa kwa mkao wa mtu mmoja mzito anayeelemea kulia.

"Aliniazima," nikasema. "Kwa wiki moja. Changu kilikuwa kizito."

Wachina walishusha simu.

"Kuazima?" akasema Mwanamvua. "Lakini watu hawaazimani vigoda."

"Hawaazimani. Ndiyo maana hakuna aliyelifikiria. Wahesabuji walikuta changu jikoni, cha kwake hakipo. Mimi nikafa, yeye akasafiri. Halafu nadhani karani akamwendea Hemedi, mtoto wa miaka minane aliyetoka shimoni, akamwambia, dada yako aliondoka, kwa hiyo aliyekuficha ni kaka yako. Hemedi angesema nini? Mtu mzima ana kalamu."

Mwanamvua aliketi sakafuni. "Alipougua," akasema, "siku za mwisho, alikuwa anaita, dada, dada, usiende mbali. Tulidhani anamwita arudi nyumbani. Nilimwambia, baba, atarudi, chumba ni safi."

Akalia, na mimi nikalia, na mashine darini ikatangaza kwamba mwenye kigoda anatikisika kupita kiasi.

Feruzi alikuwa amesimama, kidole juu ya kidude. Kina vitufe viwili, cha kuongeza na cha kupunguza. Cha kupunguza kilikuwa bado kinang'aa upya wa dukani.

"Bonyeza, bwana," nikamwambia. "Andika: Songoro Kitwana, namba 2,907, yu hai, ameosha masufuria pwani. Na ukishabonyeza hicho, bonyeza na cha pili. Sikudhani Kitwana, miaka kumi na minne. Alimficha mdogo wake, akapiga mbinja."

Akabonyeza cha kupunguza. Ka. Akakitazama muda mrefu, kama mtu aliyepewa sahani ya pilau na kuambiwa asubiri. Kisha akabonyeza cha kuongeza. Ka.

"Jumla ileile, elfu nne mia tatu na kumi na mbili," akasema.

"Chai ipo," akasema Mwanamvua kutoka sakafuni.

*

Muhuri ulivuliwa jioni ileile. Kwa siku tisini na nne Nyumba ya Vigoda iliorodheshwa kwenye Burudani, kati ya sarakasi ya mbwa na mashindano ya kula maembe. Wapunguzaji wengine, wale wabaya, walisherehekea wiki mbili, wakatangaza kwamba kama mmoja yu hai basi wote wako mahali wanakunywa soda. Wachache waliwaamini. Wachache hao bado wapo.

Uhakiki ulifanywa kigoda kwa kigoda. Kosa lilikutwa hilo moja. Kwenye gogo langu, juu kabisa ya tabaka zangu, mafundi walikuta tabaka jembamba la siku tisa ambalo walikuwa wameliandika "unyevu". Lilikuwa la mtu wa kilo arobaini na moja, anayekaa katikati kabisa, mgongo umenyooka. Alijiona malkia, kama alivyosema.

Shahidi Songoro alizimwa. Kabla ya kuzimwa aliulizwa kama ana la kusema, maana sheria inataka hivyo, akasema afadhali, kwa sababu ile mbinja ilikuwa inamsumbua.

Sikudhani hana shahidi. Tume haikumruhusu. Siku tisa hazitoshi kumjenga mtu, Hemedi aliyekuwapo alishakufa, na kigoda chake chenyewe mimi nimekikalia miaka hamsini na moja mpaka hakuna tabaka lake lililobaki. Nimeulizwa kama najuta. Najuta. Namba 2,907 sasa ina jina lake, gogo na kigoda chepesi vimewekwa pamoja, na juu yake hapawaki kitu.

Bwana Feruzi bado anakuja Jumanne, lakini kidude alikiacha mezani kwa Mwanamvua. Sasa anaandika. Ana mwandiko mzuri, wa babu yake. Vibao vyote vya majina ukumbini vimeandikwa upya kwa mkono wake, na anadai vikombe viwili vya chai.

Mwanamvua alikifagia kile chumba Ijumaa iliyofuata, akaniambia kitanda kipo. Ananiita baba mkubwa mbele za watu, na tukiwa wawili ananiita mvivu.

Mimi nipo. Mwaka wa tatu sasa, sijawahi kukaa mahali muda mrefu hivi isipokuwa gerezani. Kila siku saa nne wageni wakifika namba 2,907 mimi ndiye ninayewaeleza, kwa mdomo, bila mwanga. Wakiuliza mbinja ilikuwaje, nawaambia sijui kuipiga. Sina kigoda. Cha kwangu ni chake sasa, na chake nimemrudishia. Nakalia kiti cha plastiki cha ofisini, mguu mmoja umefungwa waya.